Pamba nyumba kwa ulichonacho, fedha ya mavuno irudi shambani



Wiki hii sizungumzii viwavijeshi wala bei ya mahindi. Nazungumzia makochi. Najua wapo watakaosema bwana shamba ameacha shamba akaingia sebuleni. Vumilieni kidogo, mtaona kwamba shamba ni lile lile.

Kila mwaka kuanzia Juni, mahindi yakianza kuingia nyumbani, barabara yetu hujaa guta na pikipiki zilizobeba makochi, kabati za vyombo, mazulia na maua ya plastiki. Wengine hufika hadi mlangoni na mapazia na mashuka ya kukopesha: unachukua leo, unalipa ukiuza. Na kila mwaka, ikifika Novemba, baadhi ya watu wale wale hunifuata kuniuliza nani anakopesha mbolea.

Maoni yangu ni haya. Nyumba ya mkulima ipambwe, tena ipambwe vizuri, lakini ipambwe kwanza kwa vitu ambavyo tayari vimo ndani yake. Kununua vipya kuje baada ya mbegu na mbolea kuwa ndani. Na katika kutumia tena vya zamani, tujue kuna vingine havipaswi kuvuka mlango kabisa. Hilo la mwisho nitalieleza kwa kisa kilichonitisha.

Kochi la magunia 14

Kuna baba mmoja ninayemtembelea, mkulima hodari wa ekari tatu. Mwaka juzi alivuna vizuri. Juni hiyo hiyo akauza magunia 14, wakati kila mtu anauza na bei iko chini, akanunua seti ya makochi mapya. Alitaka kumshangaza mke wake, na kweli mama alifurahi. Nani angeuliza habari za mbolea siku ya zawadi?

Novemba ilipofika, fedha hakuna. Ekari moja ya mahindi inataka kilo 8 hadi 10 za mbegu bora, mfuko mmoja wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia na angalau mfuko mwingine wa kukuzia. Zidisha kwa ekari tatu. Yule bwana alipanda ekari mbili kwa mbegu aliyoitoa ghalani, akatia mbolea ekari moja tu, tena ya mkopo wa kausha damu. Mnajua mikopo hiyo inavyokwenda. Msimu uliofuata alivuna chini ya nusu ya alichozoea, na Februari alikuwa akinunua mahindi kwa debe, kwa bei ya juu kuliko aliyouzia yeye.

Nilipokwenda kumwona nilikalia lile kochi. Sponji ilikuwa imeshabonyea. Mguu mmoja wa mbele ulikuwa umeegeshwa kwa tofali.

Simcheki. Mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza kazini nilichukua makochi kwa kulipa kidogo kidogo, nikawa nakula ugali kwa dagaa kila siku ili fundi asije kuyabeba. Ninamweleza kwa sababu kisa chake ni cha wengi.

"Bwana shamba, unataka tukalie vigoda?"

Mama mmoja aliniuliza hivyo kwenye mkutano wa kikundi, na watu wakacheka. Lakini swali lake lilikuwa zito. Alisema binti yake ana wachumba wanakuja, na wageni wakiingia ndani huangalia makochi kabla ya kuangalia ghala. Nyumba chakavu inamshusha mtu hadhi mbele ya wakwe, mbele ya kanisa au msikiti wake, hata mbele ya mfanyabiashara anayetaka kumkopesha.

Anasema kweli. Uzuri wa nyumba si anasa ya watu wa mjini, na anayemwambia mkulima avumilie nyumba mbaya hajawahi kupokea wageni wa posa. Ninachobishia ni kule kudhani kwamba uzuri ni upya. Ingia nyumba kumi utakazozikumbuka kwa kupendeza kwake. Utakuta sakafu imefagiwa, ukuta ni safi, vitu vichache vimepangwa, na kuna kazi ya mkono wa mwenye nyumba: kitambaa kilichofumwa, mkeka wa ukindu wenye rangi, chungu kilichosuguliwa kikang'aa. Bibi zetu walipamba nyumba kwa udongo, majani na nyuzi, na wala hawakukopa.

Mnaijua michoro ya Tingatinga inayouzwa kwa watalii. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, hakuwa na turubai za wachoraji wala rangi za Ulaya. Alichora kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya mbao za dari. Alitumia vilivyopatikana, na leo mtindo huo unaitwa kwa jina lake.

Tuanze na makochi ya zamani

Kabla hujalitoa kochi la zamani au kuligeuza kuni, ligeuze juu chini. Gonga fremu. Ikilia kavu na imara, na hakuna unga wa mchwa wala wadudu, ulichonacho ni mali. Makochi mengi ya wazee wetu yana fremu za mninga, mvule au mkangazi. Makochi mengi ya bei nafuu yanayopita barabarani siku hizi yana fremu za mbao laini na vipande vya maboksi, vikafunikwa kitambaa kinachong'aa. Ukibadilishana mninga kwa boksi, nani amepata hasara?

Cha kubadilisha ni sponji na kitambaa. Kaza viungio kwa gundi ya mbao na misumari, piga msasa, paka vanishi sehemu zinazoonekana. Mimi nilifanya hivyo nyumbani kwangu mwaka jana, viti viwili na kochi moja refu. Sponji, kitambaa na ufundi, vyote kwa pamoja, havikufika thamani ya magunia matatu ya mahindi. Wageni huniuliza nimenunua wapi.

Tahadhari moja kwenye msasa: rangi nyingi za mafuta za zamani zilitengenezwa kwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Kama kiti au mlango una rangi ya miaka mingi, usiisugue ikiwa kavu. Lowesha, sugua nje ya nyumba, funga kitambaa puani, weka watoto mbali, kisha futa kwa kitambaa kibichi.

Ukuta, dirisha na sakafu

Ukuta wa udongo hauhitaji ndoo ya rangi ya dukani. Kata nyingi zina mahali watu wanapochimba udongo mweupe na mwekundu. Uponde, uchekeche, uloweke usiku kucha, kisha changanya na uji mwepesi wa unga wa muhogo uliopikwa ukapoa. Uji ndio gundi. Paka kipande kidogo, kikauke, pitisha kiganja. Kama rangi inatoka mkononi, ongeza uji. Udongo mwekundu chini, mweupe juu, na mstari wa majivu au mkaa uliosagwa katikati, sebule imebadilika. Rangi hii inafaa ndani na chini ya upenu. Mahali pa kupigwa na mvua haitadumu. Na tafadhali, msichimbe kwa kuingia chini ya kingo. Mashimo ya udongo huporomoka na kuua watu.

Mapazia: doti moja ya khanga inatoa vipande viwili, dirisha moja limekwisha. Khanga zilizopauka shona mbili pamoja, ya nje ichukue jua, ya ndani ionekane. Hakikisheni maandishi hayakai kichwa chini, na someni jina la khanga kabla ya kutundika. Mengine ni mafumbo makali, mgeni anaweza kudhani ameandikiwa yeye.

Vitenge na mashati yaliyochoka, pamoja na vipande ambavyo mafundi cherehani hutupa, vinashonwa foronya za mito. Ndani jaza sufi ya msufi kama miti ipo kwenu, au vitambaa vilivyokatwa vidogo. Maganda laini yanayofunika gunzi yakikaushwa yanasukwa kama ukili na kutoa kapeti zuri la mlangoni. Viroba vilivyochanika vinasukwa vivyo hivyo, na matope huishia hapo.

Makopo ya maziwa na ya rangi ya maji, yakioshwa na kutobolewa chini, ni vyungu vya maua. Nashauri mpande kinachofaa: mchaichai, mshubiri, kivumbasi, vitunguu vya majani. Ukumbi unapendeza, na chai ina mchaichai.

Vikapu na vyungu viliyojificha stoo vitoeni. Wenzetu wa Iringa wanasuka vikapu vya milulu ambavyo watu wa mijini na wageni wa nje hununua kupamba kuta zao. Vyungu vya Wakisi wa Ziwa Nyasa vinasafirishwa mbali kwa kazi hiyo hiyo. Sisi vyetu tumevificha nyuma ya mlango tukatundika kalenda ya mwaka uliopita.

Chupa niliyoisifia

Sasa kisa nilichoahidi. Niliingia nyumba moja iliyopangwa vizuri sana, mama mwenyewe anapenda maua. Mezani, karibu na bakuli la sukari, palikuwa na chupa iliyokatwa shingo, imezungushiwa uzi wa katani, imejaa maua. Nikaisifia. Nikaishika kuitazama. Chini ya uzi kulikuwa na kipande cha lebo chenye alama ya fuvu na mifupa. Ilikuwa chupa ya kiuatilifu. Zile shingo za chupa zilizokatwa alizigeuza mirija ya kumiminia mafuta ya kupikia.

Mama hakuwa mjinga. Alikuwa amefanya lile tunalolihubiri: asitupe kitu, atumie tena. Kosa lilikuwa letu sisi maofisa, tunaofundisha kupiga dawa na kusahau kufundisha chupa inakwenda wapi. Toka siku hiyo, kila ninaposema neno la kutumia tena, nataja na orodha hii:

- Chupa, galoni na mifuko ya viuatilifu. Hata uoshe mara ngapi, haviingii ndani ya nyumba. Plastiki hunyonya dawa na kuiachia polepole. Dawa ikiisha, tia maji robo ya chombo, funga, tikisa, mimina kwenye bomba la kunyunyizia; rudia mara tatu. Kisha toboa chombo kisitumike tena, ukihifadhi mbali na watoto, na muulize muuza pembejeo au ofisi ya kilimo utaratibu wa kukirudisha. Usikichome, usikitupe mtoni.

- Mifuko ya mbegu zilizotiwa dawa, zile zenye rangi nyekundu, kijani au buluu. Si ya kushonea mito wala kuwekea unga.

- Oili chafu ya injini. Wengi huipaka mbao kuzuia mchwa. Nguzo za ua sawa, ingawa hata huko inaingia kwenye udongo. Kwenye kitanda, kiti au rafu ya vyombo, hapana.

- Tairi kuukuu. Ndani ya nyumba, likizungushiwa kamba ya katani na kuwekewa mto, ni stuli nzuri. Nje likishika maji ni nyumba ya mbu, wakiwamo wanaoeneza homa ya dengue, ambayo Dar es Salaam iliisumbua mwaka 2014 na tena 2019. Litoboe chini au litoe uani.

- Vipande vya mapaa ya asbesto kutoka majengo ya zamani. Msivikate, msivivunje kutengeneza njia ya maua. Vumbi lake huharibu mapafu.

- Godoro kuukuu lenye kunguni. Ukilikata kujaza mito, umewagawa kunguni nyumba nzima.

Na kuna kundi la pili, vitu ambavyo ni salama lakini bado vina kazi kubwa kuliko kupamba. Mifuko ya kinga njaa, ile ya tabaka tatu ya kuhifadhia nafaka bila dawa, nimeikuta imekatwa kuwa mapazia ya bafu baada ya msimu mmoja. Mfuko usio na tundu hutumika zaidi ya msimu mmoja. Puliza hewa, funga mdomo, bana usikilize kama unavuja. Hauvuji? Urudi ghalani. Ukitoboka ndipo uwe pazia.

Neno kwa wafanyabiashara

Najua wasomaji wangu wenye maduka na wachuuzi wa mnadani wanasema bwana shamba ananifungia biashara. Hapana. Nawaomba mhesabu.

Mteja wenu ni mkulima. Mkulima aliyekosa mbolea kwa sababu ya kochi lenu la mkopo, mwakani hana cha kulipia deni, achilia mbali kununua kitu kingine. Wenye madaftari ya madeni mnanielewa. Kuna kurasa mmeshazikatia tamaa.

Kijiji kinachokarabati kinanunua pia. Kinanunua sponji kwa kipimo, vitambaa vya makochi kwa mita, uzi, misumari, gundi, vanishi, msasa na chokaa. Fundi seremala na fundi cherehani wanapata kazi, na fedha yao inaishia dukani kwako badala ya kwenda na lori la makochi mjini. Wauzaji wa makochi wanaweza kuchukua fremu za zamani kama sehemu ya malipo, wakazifufua na kuziuza. Atakayeanza kukusanya vipande vya vitambaa vya mafundi na kuwapa kina mama washone mito, soko analo katika nyumba za wageni, migahawa na shule zilizo karibu.

Mkikopesha, kopesheni baada ya kuuliza swali moja: "Pembejeo umeshanunua?" Mteja anayejibu ndiyo ndiye atakayelipa.

Uchafu wa nyuma ya nyumba

Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini, na tofauti tumeiona. Lakini maua ya plastiki, vikapu vya plastiki vinavyopasuka na zulia linalonyonyoka havikupigwa marufuku. Mwisho wake ni shimo la taka nyuma ya nyumba, ambako huchomwa jioni, moshi ukiingia jikoni na majivu yakitupwa kwenye mchicha. Kila kitu hafifu unachonunua leo utakichoma mwenyewe baada ya miaka miwili. Kuhifadhi mazingira kwa mkulima kunaanzia hapo: kuingiza kidogo kinachokuja kuwa takataka, na kukaa na kilicho imara mpaka kiishe kweli.

Nifanye nini wiki hii?

Kabla ya kwenda mnadani, chagua siku moja. Toeni kila kitu nje, sebule, vyumba na stoo. Mfanye kazi hiyo mke na mume na watoto wakubwa pamoja, maana mavuno yalitoka jasho la wote na matumizi yake yanahitaji midomo yote. Tengenezeni mafungu matatu. La kwanza, vinavyohitaji kuosha tu au kuhamishiwa mahali pengine. La pili, vinavyohitaji fundi. La tatu, vya kuondoka, vikiwamo vya orodha ile ya hatari. Sakafu ikiwa tupu, fagia, paka ukuta, ndipo murudishe kimoja kimoja. Wengi watashangaa, chumba kitapendeza kabla vitu havijarudi vyote.

Kisha kaeni na kalamu. Andikeni ekari za msimu ujao, mbegu, mbolea ya kupandia, ya kukuzia, ada za watoto, chakula mpaka mavuno. Nunueni pembejeo au wekeni fedha yake mahali isipoguswa. Kinachobaki ni chenu, na kama baada ya hapo mnataka kochi jipya, nunueni, na nikija nikaribishwe.

Yule bwana wa magunia 14 mwaka huu ameuza machache Juni, mengine ameyaweka kwenye mifuko ya kinga njaa akisubiri bei. Mbolea ya ekari mbili ameshaingiza ndani, ya tatu anaitafutia. Kochi amelipeleka kwa seremala kijiji cha pili. Seremala ametoa yale maboksi akaweka mbao za mti aliouangusha mwenyewe shambani, na mama ameshona vitambaa vya kitenge. Nilipita Jumanne. Tofali halipo tena.